Noti ziliporomoka 1923, Hitler kaingia 1933: miaka kumi ilipita wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha historia kidato cha sita hapa Tanga. Tulipofika kwenye Jamhuri ya Weimar, yaani Ujerumani ya 1919 hadi 1933, niliwaeleza wanafunzi kama nilivyofundishwa mimi: Ujerumani ilishindwa vita, ikatozwa fidia, ikachapa noti mpaka zikawa karatasi tupu, watu wakakasirika, wakamchagua Hitler. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, noti zimeporomoka 1923, Hitler kaingia 1933. Hiyo miaka kumi walikuwa wanafanya nini?" Darasa likacheka, nami nikasema tutaendelea kesho. Nisaidie kabla hiyo kesho haijafika. Na kama hutachoka, niambie: kuna mtu yeyote wa pwani yetu aliyekuwako huko siku hizo?

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Huyo binti mpe alama zote, maana amegusa penyewe. Somo likifundishwa harakaharaka, 1923 na 1933 hugandana kama kurasa mbili zilizolowa maji. Ukizibandua taratibu unaona kwamba jamhuri ile ilivuka mwaka wa noti ikiwa hai. Ilikufa baadaye, wakati bei zinashuka, na kazi ya kuizika ilimaliziwa na wazee wachache wenye funguo za ofisi.

Tuanze na noti, kwa kuwa ndizo wanafunzi wanazozikumbuka. Mwaka 1914 dola moja ya Marekani ilikuwa marki 4.20. Serikali ya Kaisari, mfalme wa Wajerumani, iliendesha vita kwa kukopa kwa wananchi wake, ikiwauzia hatifungani, kwa matumaini kwamba atakayeshindwa ndiye atakayelipa gharama zote. Aliyeshindwa akawa yeye. Mei 1921 washindi wakataja fidia: marki za dhahabu bilioni 132. Januari 1923, malipo yalipochelewa, majeshi ya Ufaransa na Ubelgiji yakaingia bonde la Ruhr kujichukulia makaa ya mawe. Serikali ya Berlin ikawaambia wafanyakazi wa Ruhr wagome, mishahara yao italipwa. Italipwa na nini? Na mtambo wa kuchapa.

Kufika Novemba 1923, dola ileile ilikuwa marki trilioni 4.2. Mkate mmoja Berlin ulifika kama marki bilioni 200. Noti nyingi zilichapwa upande mmoja tu, nyuma zikaachwa nyeupe, kwa sababu kabla wino haujakauka thamani ilishakwenda. Viwandani mshahara ukawa wa kila siku, na kwingine mara mbili kwa siku. Mke anasubiri getini, anapokezwa bunda, anakimbia nalo dukani kabla mwenye duka hajafuta bei ya asubuhi na kuandika ya mchana.

Hapo wengi wetu tunaishia, tunasema "watu waliumia". Wasukume wanafunzi hatua moja mbele: nani aliumia, na nani alinufaika? Mjane mwenye akiba benki aliumia. Mstaafu aliumia. Aliyenunua hatifungani za vita kwa uzalendo alibaki na karatasi ya kuwashia jiko. Lakini mkulima aliyekuwa na deni la shamba alilifuta kwa fedha isiyotosha kununua yai. Na mdaiwa mkubwa kuliko wote, ambaye ni serikali yenyewe, alitoka kicheko: deni lake la ndani la vita, marki bilioni 154, siku sarafu mpya ilipotoka lilikuwa sawa na pfennig 15 na kitu za 1914 (pfennig mia hufanya marki moja). Raia aliyeiamini serikali kuliko wenzake ndiye aliyeliwa kuliko wenzake. Kovu hilo likumbuke, tutalirudia.

(Niruhusu nichepuke kidogo. Sisi tunaosema "sina hela" tunazungumza Kijerumani bila kujua. Heller ilikuwa sarafu ndogo ya koloni lao la Afrika Mashariki kuanzia 1904, mia moja kwa rupia. Waambie wanafunzi, watalikumbuka somo zima kwa ajili ya neno hilo moja.)

Sasa, katikati ya balaa hilo, usiku wa Novemba 8, Hitler alijaribu kupindua serikali akianzia ukumbi wa bia huko München. Asubuhi yake polisi wa Bavaria waliyafyatulia risasi maandamano yake. Walikufa wafuasi wake na polisi wanne, yeye akakamatwa. Wiki iliyofuata, Novemba 15, serikali ya Gustav Stresemann ikatoa sarafu mpya, Rentenmark. Moja ya hiyo kwa marki trilioni moja za zamani. Sufuri 12 zikafutwa, na watu, kwa namna ya ajabu, wakaiamini. Bei zikatulia.

Tazama kura baada ya hapo. Uchaguzi wa Mei 1924, makovu bado mabichi, orodha iliyowabeba watu wa Hitler ilipata asilimia 6.5. Desemba mwaka huohuo ikashuka hadi 3. Mwaka 1928 chama cha Nazi kilipata asilimia 2.6, viti 12. Kama noti ndizo zilizomleta, huyu bwana alipaswa kupanda, naye alikuwa anateremka ngazi.

Hivyo jibu la kwanza kwa binti ni hili: kwa miaka mitano au sita kati ya hiyo kumi, walikuwa wanaishi. Mpango wa Dawes wa 1924 ulipanga upya malipo ya fidia, mikopo ya Marekani ikamiminika, nyumba za wafanyakazi zikajengwa. Mwaka 1926 Ujerumani ikapokewa Umoja wa Mataifa wa wakati ule. Mwaka 1927 ikapitisha sheria ya bima ya ukosefu wa ajira. Wanawake, ambao walikuwa wamepiga kura mara ya kwanza Januari 1919, walikaa bungeni. Mimi huwa sipendi kuiita enzi hiyo "ya dhahabu", kwa sababu mikopo mingi ilikuwa ya muda mfupi, ya kudaiwa wakati wowote, na wakulima walikuwa taabani hata kabla ya 1929. Ila ilikuwa nchi inayopumua.

Jibu la pili ni gumu zaidi, na kwa hilo nitaanzia hapohapo ulipo. Jina la Paul von Lettow-Vorbeck watu wa Tanga mnalijua. Ndiye aliyewarudisha Waingereza na askari wao wa Kihindi baharini Novemba 1914. Alisalimisha silaha Abercorn, leo Mbala ya Zambia, Novemba 25, 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Machi 1919 akapita lango la Brandenburg, Berlin, akishangiliwa kama mshindi. Taifa lililokwisha kushindwa lilihitaji mtu wa kumwambia kwamba halikushindwa, na yeye alifaa. Machi mwaka uliofuata, wanajeshi na wanasiasa wa kulia waliivamia Berlin kumweka madarakani Wolfgang Kapp. Jeshi liliombwa kuitetea serikali halali likakataa kuwapiga risasi askari wenzao, na mawaziri wakakimbia mji. Lettow-Vorbeck, akiwa kamanda kaskazini, aliunga mkono waasi.

Kilichookoa jamhuri siku hizo ni mgomo mkuu. Treni zikasimama, umeme na maji vikakatika Berlin, maofisa wa Benki Kuu wakakataa kumpa Kapp fedha. Siku nne akakimbia. Na adhabu? Viongozi waliofungwa kwa uasi ule ni kama mmoja tu. Lettow-Vorbeck alifukuzwa jeshini, kisha 1928 akachaguliwa mbunge kwa chama cha kizalendo cha DNVP, akakaa katika bunge lilelile lililonusurika na uasi alioushangilia.

Hiyo ndiyo picha ninayotaka uwape. Kaisari aliondoka Novemba 1918, akahamia Uholanzi. Majaji wake hawakuondoka, wala majenerali wake, wala maprofesa, wala makatibu wa wizara. Katiba iliyotiwa saini Agosti 11, 1919 ilikuwa mpya, watumishi walikuwa walewale. Mwanahisabati Emil Julius Gumbel alikaa akahesabu mauaji ya kisiasa ya 1919 hadi 1922. Ya mrengo wa kulia yalikuwa 354, ya mrengo wa kushoto 22. Katika hayo 354, yaliyopita bila adhabu yoyote ni 326. Wastani wa kifungo kwa muuaji wa kulia ulikuwa miezi minne kwa kila roho, na kwa wa kushoto miaka 15, mbali na walionyongwa au kupigwa risasi. Waliouawa hawakuwa watu wadogo: Matthias Erzberger, aliyetia saini kusitisha vita, aliuawa Agosti 1921, Walther Rathenau, waziri wa mambo ya nje, Juni 1922, akiwa ndani ya gari lake njiani kwenda kazini.

Ukielewa hilo, kesi ya Hitler ya 1924 haitakushangaza. Kwa uasi uliomwaga damu ya polisi alipewa miaka mitano na kufunguliwa kabla ya Krismasi ya mwaka uleule. Mwaka huohuo mahakama nyingine, Magdeburg, iliamua kwamba Rais Friedrich Ebert, kiongozi wa nchi, kisheria alikuwa ametenda uhaini kwa kujiunga na kamati ya mgomo Januari 1918, vita vikiendelea. Ebert aliandamwa na kesi za namna hiyo hadi akaahirisha matibabu ya kidole tumbo, akafa Februari 1925 akiwa na miaka 54. Aliyechaguliwa kushika nafasi yake ni Paul von Hindenburg, jemadari mkuu wa Kaisari. Duru ya pili alipata kura milioni 14.7 dhidi ya milioni 13.8 za Wilhelm Marx, mgombea wa vyama vilivyoitetea jamhuri. Mkomunisti Ernst Thälmann, ambaye hakuwa na nafasi hata chembe, alikataa kujitoa akachukua milioni 1.9. Piga hesabu mwenyewe.

Sasa tunafika 1930, mwaka ambao ningeuandika ubaoni kwa chaki nyekundu. Soko la hisa la New York lilianguka Oktoba 1929, Wamarekani wakaanza kudai mikopo yao. Mfuko wa bima ya ukosefu wa ajira ukazidiwa. Serikali ya muungano ya Hermann Müller ikabishana: mchango uongezwe kutoka asilimia 3.5 hadi 4, au posho zipunguzwe? Kwa nusu asilimia hiyo, Machi 27, 1930, serikali ya mwisho iliyotegemea wingi wa bunge ikavunjika. Vyama havikujua kwamba ni ya mwisho. Watu wa karibu na Hindenburg walijua, maana mrithi walikuwa wameshamwandaa: Heinrich Brüning, atakayetawala kwa saini ya rais.

Hapa lazima ueleze ibara ya 48. Ilimruhusu rais kutoa amri za dharura bila bunge. Bunge liliweza kuitengua amri, lakini ibara ya 25 ilimpa rais uwezo wa kulivunja bunge. Mtu mmoja akishika vyote viwili, bunge linakuwa mgeni katika nyumba yake. Ebert aliitumia ibara hiyo mara nyingi, ila kuivusha jamhuri katika hatari. Brüning aliitumia kupitisha bajeti. Bunge likatengua, Hindenburg akalivunja, uchaguzi ukaitishwa Septemba 1930 katikati ya dhiki, miaka miwili kabla ya wakati wake. Wanazi wakaruka kutoka viti 12 hadi 107. Mwaka 1931 zilitoka amri za dharura 44 na sheria za bunge 34. Mwaka 1932 bunge lilipitisha sheria tano tu.

Na uchumi je? Brüning alikata mishahara ya watumishi, akakata posho, akapandisha kodi. Kwa amri ya Desemba 1931 mishahara ya nchi nzima ilirudishwa kwenye viwango vya Januari 1927, na bei zikalazimishwa kushuka. Julai ile Danat-Bank, moja ya benki kubwa za nchi, ilikuwa imefunga milango, na watu wakapanga foleni mbele ya mabenki. Mwanzoni mwa 1932 walioandikishwa hawana kazi walizidi milioni 6. Ndipo kovu la 1923 linaporudi. Ni nani angethubutu kuongeza fedha kwenye mzunguko katika nchi iliyoona mkate wa bilioni 200? Hofu ya noti, zaidi ya noti zenyewe, iliwafunga mikono. Na watu wa tabaka la kati waliopoteza akiba 1923 walikuwa wamekwisha kuvihama vyama vyao vya zamani, wakitangatanga kwenye vyama vidogovidogo. Walipopigwa mara ya pili hawakuwa na pa kurudi. Kwa hiyo kitabu chako hakikusema uongo mtupu, kiliruka tu sehemu ya katikati.

Jambo moja huwachanganya wanafunzi: wasio na kazi hawakuwa ndio jeshi kuu la wapiga kura wa Hitler. Wengi wao waliwapa kura Wakomunisti. Hitler alivuna zaidi kwa wakulima na wenye maduka wa Kiprotestanti, walioogopa kufilisika. Schleswig-Holstein, nchi ya ng'ombe na madeni, ilimpa asilimia 51 Julai 1932. Wakatoliki wengi walibaki na chama chao cha Zentrum.

Uchaguzi huo wa Julai ulikuwa kilele chake: asilimia 37.3, viti 230 kati ya 608. Wakomunisti 89. Jumlisha: 319. Zaidi ya nusu ya wabunge walitoka vyama viwili vilivyochukiana mpaka kuuana mitaani, lakini vyote viliapa kuizika jamhuri. Siku 11 kabla ya kura, Kansela Franz von Papen, aliyemrithi Brüning, alikuwa ameivunja kwa amri serikali halali ya Prussia, jimbo kubwa kuliko yote na ngome ya Wasosholisti. Kwa nini hawakuitisha mgomo kama wa 1920? Nani atagoma, mwalimu, ikiwa nje ya kila geti la kiwanda wamesimama mia wanaoomba nafasi yako?

Septemba 12, 1932 kulitokea kioja ambacho ningekuomba ukiigize darasani. Papen anaingia bungeni na mkoba mwekundu wenye amri ya rais ya kulivunja bunge. Alikuwa ameusahau, ikabidi uletwe wakati wa mapumziko. Hermann Göring, Mnazi aliye kwenye kiti cha spika, anaanza kuhesabu kura ya kutokuwa na imani. Papen anainuka, anaupunga mkoba. Göring anaangalia upande mwingine. Papen anaitupa karatasi mezani kwa spika, anatoka na mawaziri wake. Göring anaendelea na kura kama vile hakuna kilichotokea: 512 dhidi ya 42. Kansela wa taifa kubwa la viwanda anaungwa mkono na wabunge 42.

Novemba wakapiga kura tena. Wanazi wakapoteza kura milioni 2 na viti 34, wakabaki na asilimia 33.1. Kasha la chama lilikuwa tupu. Magazeti mengine yakaanza kumwandikia Hitler tanzia ya kisiasa. Hapo ndipo Papen, aliyekwisha kuondolewa na kutaka kulipiza kwa mrithi wake Kurt von Schleicher, alipokwenda kuzungumza na Hitler na kumshawishi mzee Hindenburg, miaka 85. Baraza litakuwa na Wanazi watatu tu, wakamwambia, wengine watakuwa watu wetu, tutamshika. Januari 30, 1933 akaapishwa.

Kwa hiyo neno "wakamchagua" lifute ubaoni, lakini usiwaache Wajerumani waende zao wasafi. Katika kura huru hakuwahi kupata nusu. Hata Machi 5, 1933, wapinzani wakiwa jela na mgambo wake wamesimama vituoni, alipata 43.9. Aliteuliwa. Na theluthi nzima ya wapiga kura ilikuwa imempa bei ya kuuzia katika mazungumzo hayo. Machi 23 sheria ya kumpa mamlaka yote ilipita kwa kura 444. Wabunge 94 wa SPD, chama cha Wasosholisti, walisema hapana, wakizungukwa na wanamgambo ukumbini. Wabunge wa Kikomunisti walikuwa wamekamatwa au wamejificha.

Sasa swali lako la pembeni. Ndiyo, alikuwako. Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana Ujerumani kwa jina la Bayume Mohamed Husen, alizaliwa Dar es Salaam 1904, mtoto wa askari wa Kisudani, naye akaingizwa vitani upande wa Wajerumani akiwa na miaka kama kumi. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mshahara wake na wa baba yake uliobaki tangu vita. Hela hasa. Wizara ya Mambo ya Nje ikamjibu kwamba muda wa kudai umekwisha. Akabaki, akawa mhudumu katika jumba la starehe la Haus Vaterland pale Potsdamer Platz, na chuo kikuu akasaidia kufundisha Kiswahili. Januari 1933, mwezi uleule wa kiapo, alioa mke Mjerumani. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la uhusiano na mwanamke wa "damu ya Kijerumani", bila kesi, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen. Alifia humo Novemba 24, 1944.